Usiizime Friza, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Huku Unguja hatujambo, mguu wa baba yako umepoa, na mdogo wako keshaposwa. Mengine atakusimulia mwenyewe.

Lililonikalisha kuandika ni hili. Dada yako aliporudi kutoka kwako Dar alinieleza, huku anacheka, kwamba kila usiku unaizima friza ili uniti za LUKU zisikimbie, na alfajiri unaiwasha. Mimi sikucheka. Umeijaza samaki na nyama ya mwezi mzima, na walaji ni wajukuu zangu.

Friza haingoji mtu aizime. Ikishafika baridi yake, nyuzi 18 chini ya sifuri, injini hupumzika yenyewe. Unachokibana usiku, asubuhi inakidai ikianza kuvuta baridi upya. Najua utanijibu kwamba friza iliyojaa hukaa siku mbili bila kuyeyuka. Kweli, ikijaa pomoni na isifunguliwe. Ikiwa nusu, siku moja. Sasa yako watoto wanaifungua kutwa wakitaka barafu, na umeme ukikatika asubuhi kabla haijapata baridi, je?

Ulikuwa mdogo Desemba 2009, Unguja ilipokosa umeme mpaka Machi 2010. Mke wa ami yako alikuwa na friza ya jodari. Akapata jenereta, anaiwasha jioni, wakienda kulala anaizima. Mchana jodari wanalegea, jioni wanashikana tena. Nilikishika kipande kimoja: juu kigumu, ubavuni kidole kinaingia, na chini ya mfuko damu imeganda bapa, maana iliyeyuka ikachuruzika kisha ikashika. Nikamwambia atupe. Akanijibu, wewe huna hata friza, utajuaje? Neno lile ninalo mpaka leo.

Akawapikia wageni wa hitima. Mchuzi haukunuka wala haukuchacha, na tui lilikolea. Watu hawajanawa mikono, nyuso zikaanza kuwaka, shingo zinawasha, vichwa vinagonga, mioyo inakwenda mbio. Daktari akatufahamisha kwamba jodari, nguru na vibua wakikosa baridi hufanya sumu iitwayo histamini, na ikishaingia haitoki kwa moto wala kwa barafu. Wote walipona, alhamdulillahi. Mwenyewe hadi leo anasema lilikuwa jicho la watu.

Kwa hiyo usiniambie utapika sana. Na usidhani barafu inaua vijidudu. Inawalaza tu, wakipata joto wanaamka.

Kama ni uniti, futa raba ya mlango ishike vizuri, sogeza friza mbali na ukuta ipumue, na pengo lolote ulijaze chupa za plastiki za maji, usizijaze hadi mdomoni. Sufuria ya moto isiingie humo. Barafu ikiota kutani usiichokoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi.

Kuku mbichi akae chini kabisa, mikate na sambusa juu. Sambusa zigandishe kwanza kwenye sinia, zisigusane, ndipo uzitie mfukoni. Maharage yafunge ya mlo mmoja mmoja, bapa, yasimame kama vitabu. Kila kitu kiandike jina na tarehe. Dada yako ananiambia mlipika maini mkidhani ni nyama ya kusaga! Samaki wa kupika kesho mteremshe leo kwenye friji, usimwache mezani.

Halafu gandisha kikombe cha maji, juu yake uweke sarafu ya mia mbili. Ukitoka safari ukaikuta imezama, ujue barafu iliyeyuka nyuma yako, hata kama kila kitu ni kigumu.

Nina pweza nimeshampiga na kumsafisha, nilitaka kumleta kwa boti ya Jumamosi. Nipigie kwanza uniambie friza inalala imewashwa. La sivyo nitampa mke wa ami yako, na unajua nisivyopenda.

Shangazi yako