Profesa Mizanini

Mhadhiri wa chuo kikuu nchini Kenya hupimwa na wanafunzi wake kwa mizani mbili. Ya kwanza ni fomu ya tathmini ambayo hugawiwa darasani majuma machache kabla ya mtihani, yenye maswali yaliyopangwa kama askari gwarideni na visanduku vya kutiwa namba kuanzia 1 hadi 5. Ya pili ni ulimi. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilipounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, suala la ubora wa mafunzo limeipa mizani ya kwanza uzito mkubwa. Ya pili haihitaji sheria. Hutumika mabwenini, kwenye foleni ya chakula, na hasa ndani ya matatu muhula unapofungwa, wakati ambapo hakuna tena alama za kuogopewa. Aliyewahi kusafiri katika barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret akiwa ameketi nyuma ya wanafunzi wanne atakubali kwamba kabla ya kufika Salgaa, wahadhiri wasiopungua watatu huwa wamekwisha kuvuliwa nguo.

Makala haya yanamhusu mmoja wa wahadhiri hao, profesa wa sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja cha kaunti ya Nakuru ambacho, kwa ajili ya heshima ya wahusika, hakitatajwa. Alikuwa profesa kwelikweli, si wa kubatizwa. Jambo hili lafaa kusemwa kwa sababu wanafunzi humwita "Prof" kila ashikaye chaki, hata kama bado anapigana mieleka na tasnifu yake ya uzamili.

Jina lake la utani lilikuwa Lumbesa. Asiyetoka katika nchi ya viazi, yaani sehemu za Molo, Mau Narok na jirani zake, huenda asiifahamu dhuluma inayoitwa kwa jina hilo. Lumbesa ni gunia lililoongezewa kipande mdomoni hadi likaota shingo na kichwa, mchuuzi akalinunua kutoka kwa mkulima kwa bei ya gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, ingawa kanuni ni kitu kimoja na mizani ya shambani ni kitu kingine. Profesa aliitumia lumbesa kueleza namna tarakilishi inavyohifadhi namba. Chombo chenye nafasi nane, kila nafasi ikiwa na 0 au 1, aliwaambia, hubeba namba kuanzia 0 hadi 255 na basi. Ukiongeza 1 juu ya 255, chombo hakioti kichwa kama gunia; ile ziada humwagika, na kinachosalia ndani ni 0. "Tarakilishi haijui lumbesa," alisema, na tangu siku hiyo jina likamganda.

Maoni juu yake yalikuwa mengi. Wapo waliomsifu kwa kufika darasani kabla ya saa na kurejesha kazi zilizosahihishwa, sifa ambayo katika vyuo vyetu si ndogo. Wapo waliomlaumu kwa ubahili wa alama. Lililozua ubishi mkali, hata hivyo, ni lugha yake. Profesa alikuwa na mazoea ya kuliacha somo katikati na kulieleza upya kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha sokoni, na kundi moja la wanafunzi liliona kwamba kwa kufanya hivyo aliishusha hadhi ya taaluma. Walilipa karo, walisema, ili wafundishwe kwa lugha ya vitabu. Ajabu ni kwamba malalamiko hayo yote yalitolewa kwa Kiswahili, na waliokuwa wakilalamika ndio waliosikika usiku wa kuamkia mtihani wakielezana habari za lumbesa na namba 255.

Ubishi huo ungeishia hapo, kama inavyoishia mizaha mingi ya chuoni, lau si kipindi kimoja cha mapema mwezi Februari mwaka 2019.

Somo siku hiyo lilikuwa hifadhidata. Profesa alianza kwa kumtaja Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi na kampuni ya IBM nchini Marekani, ambaye mwaka 1970 alipendekeza kwamba data zihifadhiwe katika majedwali yenye safu na safuwima. Kisha akachora jedwali ubaoni. Safuwima ya kwanza aliiita Jina, ya pili Umri, ya tatu Kijiji. Juu ya jedwali akaandika: Sachangwan, 31 Januari 2009.

Hapana aliyehitaji kuelezwa. Miaka kumi ilikuwa imetimia juma lililotangulia. Jumamosi hiyo ya mwaka 2009 lori la mafuta lilipinduka kando ya barabara kuu pale Sachangwan, watu wakajitokeza na madebe na mitungi kuyachota yaliyomwagika, na moto ukalipuka wangali wanachota. Waliokufa walipita mia moja. Miili mingi iliungua hata haikuweza kutambuliwa. Nchi ilikuwa bado inawalilia walioteketea siku tatu kabla yake katika duka la Nakumatt jijini Nairobi, na eneo la Molo lenyewe lilikuwa halijapata hata kuvuta pumzi tangu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziwafukuze maelfu ya watu makwao.

Profesa hakuandika jina la mtu yeyote. Alichora safu, akaacha visanduku vya Jina na Umri wazi, akauliza kitiwe nini katika kisanduku cha umri. Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba kitiwe sifuri. Profesa akakataa. Sifuri, alisema, ni umri wa mtoto aliyezaliwa juzi; ni jibu kamili. Mtu huyu alikuwa na umri wake, pengine miaka 34, na alikuwa na jina aliloitwa na mamake. Kisanduku ki tupu si kwa sababu yeye alikosa kitu. Ki tupu kwa sababu sisi tunaojaza jedwali hatujui.

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wameona ugumu ambao profesa alikuwa anapambana nao, pengine bila kujua. Neno sifuri limetoka katika Kiarabu, na katika asili yake hiyo maana yake ni utupu wenyewe. Kwa hiyo anayesema kwa Kiswahili kwamba tupu si sifuri anazitenganisha ndugu mbili zilizozaliwa na neno moja. Neno batili, ambalo baadhi ya watu hulipendekeza, halifai hata kidogo: batili ni mkataba uliovunjwa, ni ndoa isiyotambuliwa, na hakuna binadamu aliye batili kwa kuwa jina lake halikupatikana. Profesa alichagua tupu. Hadi leo ni vigumu kuona angechagua neno gani bora zaidi.

Kabla hajamaliza sentensi yake, msichana mmoja aliyekuwa katika safu ya tatu alikusanya vitabu vyake akatoka. Kwao ni Sachangwan. Mjomba wake alitoka nyumbani Jumamosi ile na debe mkononi, naye hakurudi, na familia haikupata mwili ambao ingeuonyesha kwa kidole na kusema ndiye.

Jioni hiyo bweni liligawanyika. Wengi walimhukumu profesa kwa haraka: kidonda cha watu hakifanywi zana ya kufundishia. Kijana mmoja wa Molo alimtetea. Alisema kwamba kwa miaka kumi watu waliokufa Sachangwan wamesemwa na kila mwenye kipaza sauti, na takriban wote wamewasema kwa ubaya, kwamba walikuwa na tamaa, kwamba hawakusikia onyo. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemsikia akiwataja bila kuwakaripia. Tena aliyesema kwamba upungufu uko kwa mwandishi wa jedwali, si kwa marehemu. Hoja yake ilikuwa nzito na ilistahili kujibiwa.

Jibu lilitoka kwa msichana mwenyewe. "Wewe unasema ametuheshimu, na huenda ni kweli," alimwambia. "Lakini tumekuwa mfano wa kila mtu. Mhubiri akitaka tamaa, ni sisi. Mwanasiasa akitaka umaskini, ni sisi. Polisi wa trafiki akitaka usalama barabarani, ni sisi. Sasa hata tarakilishi?" Alipoulizwa kama profesa alikosea, alisema hapana, somo lilikuwa sawa, na alipoulizwa kama angependa asamehewe, alisema hajui.

Fomu za tathmini zilipogawiwa mwishoni mwa muhula, swali mojawapo liliuliza iwapo mhadhiri anawaheshimu wanafunzi. Fomu zilizorejeshwa zilikuwa 30. Wanafunzi 19 walijaza namba, na jumla ya namba zao ilikuwa 76. Wanafunzi 11, msichana huyo akiwamo, waliacha kisanduku kile kitupu, ingawa yale mengine waliyajaza. Karani aliyeziingiza fomu katika tarakilishi, ambaye bila shaka alikuwa na rundo la fomu za idara nzima mezani, alitia 0 palipokuwa wazi. Mashine ikagawanya 76 kwa 30, ikatoa 2.53. Idara ilikuwa na desturi ya kumwita kujieleza mhadhiri yeyote aliyepata chini ya 3.

Mtu anaweza kucheka. Profesa wa hifadhidata kuhukumiwa kwa kosa lile lile alilolikanya ubaoni ni kisa ambacho mtunzi wa tamthilia angeona haya kukibuni. Habari zilipowafikia wanafunzi, hata wale waliomlaumu waliingiwa na uchungu, na kiongozi wa darasa akaenda ofisini kueleza. Lugha ya SQL, aliwaambia, huyaruka matupu inapotafuta wastani. Ni 76 kwa 19. Profesa amepata 4 kamili, na tena ni miongoni mwa walio juu.

Hapo ndipo profesa alipofanya jambo ambalo wanafunzi wake wangali wanabishana kulihusu. Aliikataa 4 vile vile. Wale 11, alisema, hawakusahau. Waliliona swali, wakalisoma, wakanyamaza, na katika darasa lile walikuwa wamefundishwa maana ya kisanduku kitupu. Kuwahesabu kuwa sifuri ni kuwasingizia neno ambalo hawakulisema. Kuwaruka ni kujifanya hawakuwapo. Aliomba fomu ya matokeo iandikwe kwamba 19 walijibu, kwa wastani wa 4, na 11 hawakujibu. Fomu haikuwa na nafasi ya maelezo kama hayo, kwa hiyo aliyaandika pembeni kwa kalamu, akatia sahihi.

Baadhi ya wanafunzi walimwona kuwa muungwana. Wengine walisema ni maringo, kwamba hata katika kushindwa profesa alitaka kufundisha. Yule kijana wa Molo alisema kwa masikitiko kwamba mtu anayekataa 4 hajawahi kukosa karo. Upo ukweli katika maoni yote matatu, ingawa la kwanza ndilo zito zaidi, kwa kuwa wastani wa 4 ulikuwa umewekwa mkononi mwake na hakuna ambaye angemuuliza.

Mwaka uliofuata alifundisha hifadhidata kwa jedwali la viazi: aina, shamba, uzito. Somo hilo halikufika mbali. Mwezi Machi mwaka 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wakarejea makwao. Sachangwan, siku moja ya mavuno, msichana yule alikuwa akipanga viazi pamoja na mamake alipopigiwa simu na mwanafunzi wa mwaka wa nyuma yake, aliyetaka kusaidiwa kazi ya nyumbani. Alisomewa jedwali, akaelezwa kwamba profesa ameacha uzito wa gunia moja wazi.

"Huo si mfano mzuri," alisema.

Mwenzake akauliza kwa nini.

"Gunia lipo. Si litawekwa kwenye mizani!"

Mamake akamuuliza ni nani huyo anayepima magunia kwa simu. Akajibu kwamba ni mambo ya mwalimu wao. Mama akataka kujua mwalimu huyo ni mtu wa namna gani, na binti akainama, akachagua kiazi kikubwa, akakiweka upande wa vikubwa.