Shahada ya Pili Nikiwa Darasa la Kwanza

Mama yangu aliingia ualimu kwa mlango wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilitaka watoto wote wa umri wa kuanza shule wawe darasani, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa haraka hiyo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa watoto wa kufundisha, na wao wenyewe wakawa wanafundishwa hukohuko vijijini kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Watu wengi huwataja walimu wa UPE kwa dharau. Mimi sikubaliani nao. Alichosikia mama redioni jioni alikijaribu kesho yake asubuhi mbele ya watoto, na jibu la kama kinafaa alilipata palepale.

Mimi nilisomea ualimu chuoni, nikapangiwa shule ya kijijini mkoani Shinyanga, darasa la kwanza. Wenzangu kazini wanajua mambo yalivyo: darasa la kwanza hupewa mgeni, au mama mtu mzima anayesubiri kustaafu. Ukijiendeleza, unapandishwa madarasa ya juu. Ukipata shahada, unahamishiwa sekondari. Kwa hiyo kadiri mwalimu alivyozidi kusoma, ndivyo alivyozidi kuwa mbali na mtoto anayeshika kitabu kwa mara ya kwanza. Hilo lilinikera tangu siku za mwanzo, na linanikera hadi leo.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994. Miaka kumi hivi baadaye nami nikajiunga. Kusoma kwa masafa wakati ule kulikuwa ni vitini. Unavichukua kituo cha mkoa, unavisoma kwa taa ya chemli, kazi unaiandika kwa mkono na bahasha unamkabidhi kondakta wa basi. Ukikwama usiku, swali unalibeba mpaka siku utakayofika mjini. Nilihitimu, nikashukuru, nikaomba nibaki na watoto wangu.

Mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliojikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Tukaacha kuanza na majina ya herufi, tukaanza na sauti zake. Watoto wakashika upesi, maana maandishi ya Kiswahili hayana hila: kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Lakini palibaki jambo moja lililoninyima usingizi. Nilikuwa na watoto wanaosoma ukurasa mzima bila kujikwaa, ukiwauliza mbuzi wa kwenye hadithi alikwenda wapi, wananyamaza. Nikaanza kutafuta mahali pa kusomea hilo hasa, yaani ufundishaji wa kusoma. Mtandao ulikuwa umeshafika kijijini kwetu, angalau chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, nami nikapata ufadhili wa shahada ya uzamili katika chuo cha ng'ambo ambako mpaka leo sijatia mguu.

Tulikuwa walimu wa nchi mbalimbali, akiwemo mmoja wa Kisumu na mwingine wa Lusaka. Mhadhara tuliupakua usiku wa manane, bando likiwa bei nafuu. Kazi tulizopewa zilitaka tuwe na watoto: msikilize mwanafunzi mmoja akisoma, mrekodi kwa simu, andika kila alipokosea, kisha lete kwa wenzako mjadili. Mtu asiye na darasa asingeweza kuzifanya.

Nakumbuka rekodi ya msichana mmoja wa darasa la pili. Kila penye "rula" alisoma "lula", penye "barua" akasoma "balua". Kwa jedwali tulilopewa, hayo yalikuwa makosa, na alama zake zilishuka vibaya. Mimi nikabisha. Yule ni Msukuma. Nyumbani kwao ulimi hautenganishi sauti hizo mbili, na hata angesimulia jambo kwa mdomo angetamka vivyo hivyo. Herufi alikuwa ameijua. Mwalimu wa Lusaka akaniunga mkono kwa mifano ya kwao, mjadala ukaendelea wiki nzima, na mwishowe mhadhiri akakubali tusihesabu lafudhi kama kosa. Tulibishana pia juu ya kasi. Vipimo vya maneno kwa dakika vilitungwa kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi mafupi. Mtoto wangu akisoma "walipomwona" amebeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pumzi moja. Utampimaje kwa rula ileile?

Jibu la swali langu la zamani nililikuta kwa watafiti Gough na Tunmer, walioandika mwaka 1986 kwamba ufahamu ni zao la vitu viwili: kuweza kutamka kilichoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Watoto wangu walikuwa na cha kwanza tele. Kiswahili chenyewe ndicho kilichokuwa kigeni kwao. Asubuhi yake sikufungua kitabu. Tuliongea kwanza juu ya mbuzi, kisima na mnada, nikiwaachia waulize kwa Kisukuma na kujibu kwa Kiswahili, ndipo tukasoma. Walijibu maswali ambayo wiki iliyotangulia yalikuwa yamewashinda.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Utafiti wangu wa shahada ulisimama, kisha ukaendelea na watoto waliokuwa wamesahau mengi. Nilimaliza.

Barua ya kunihamishia sekondari ilikuja, kama nilivyotarajia. Nilikwenda halmashauri mwenyewe, nikaeleza nilichosomea na kwa ajili ya nani. Afisa mmoja alinishangaa, lakini aliniacha nibaki. Sasa tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na walimu wa shule yetu hukutana kujadili masomo yao. Huwa tunasikiliza rekodi za watoto wakisoma. Kijana mmoja anayefundisha darasa la pili ameshaanza shahada yake ya uzamili mtandaoni. Bando analipa kwa mshahara wake, na ameniuliza kama akimaliza watamwacha darasani. Nimemwambia aanze kuandika barua ya maombi mapema, nami nitaisaini.