Sam Raimi Pia Aliacha Chuo

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mathe aliniuliza swali moja tu: "Sasa utakula kamera?" Sikuwa na jibu, nikamtajia Sam Raimi.

Kama humjui, ndiye aliongoza The Evil Dead ya 1981: vijana 5, kibanda msituni, usiku unaharibika. Yeye pia aliacha chuo kikuu, Michigan State. Hiyo ndio sehemu nilikuwa napenda kusimulia. Ile ingine nilikuwa naruka.

Manze, huyu msee alikuwa anatengeneza sinema na marafiki tangu wakiwa watoto. Mwaka wa 1978 wakarekodi filamu fupi, Within the Woods, ndio wawe na kitu cha kuonyesha watu wakiomba pesa. Madaktari wa meno ni kati ya waliochangia, imagini. Vifaa vya bei hawakuwa navyo, kwa hivyo kamera ilifungwa kwa ubao, watu wawili wakashika huku na huku wakakimbia nayo. Ndio kile kitu hukioni lakini kinakukujia. Miaka ishirini hivi baadaye akatoa Spider-Man, halafu 2009 akarudi kututisha na Drag Me to Hell.

Mimi niko na dakika 4, nilirekodi na simu kwa ngazi za ploti stima ikiwa imepotea. Sijazigusa tangu Machi. Jana nimemwomba mathe aje azione hivyo hivyo, bila muziki. Amesema atapitia Jumapili akitoka kanisa.