Nishapoa

Mjomba wangu alikuwa mvuvi asiyekula samaki. Kwetu Likoni hilo lilitosha kumfanya mtu awe kichekesho cha baraza. Alirudi alfajiri na changu, tafi na pono, akamkabidhi mama yangu, dadake, kisha akakaa kwenye kigoda kungoja mbaazi za nazi na mahamri. Sisi watoto tulimtania: "Mjomba, kwani umewatia sumu?" Alicheka pamoja nasi. Hakukasirika hata siku moja, na hakujibu.

Sababu niliijua nikiwa darasa la sita. Aliyeniambia ni mama, kwa sauti ya chini, huku akiparuza magamba. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa watu, wengi wao wakivuka kwenda kazini. Walikufa watu 272. Mjomba alikuwa mmoja wa waliotia madau yao majini bila kungoja kuitwa. Siku ya kwanza alitafuta walio hai. Siku zilizofuata alitafuta maiti, kwa sababu kila aliyepoteza mtu alitaka angalau awe na cha kuzika. Tangu hapo hakuweza kutia mdomoni kitu kilichotoka katika maji yale. Bahari yenyewe hakuiacha, maana hakuwa na kazi nyingine.

Watu hawakumtupa. Majirani walipita kumpa pole. Alisomewa, akanywa kombe, na mzee mmoja wa mtaa akasema huenda ni jini wa baharini aliyemfuata nyumbani. Sina dharau na hayo. Watu walimpa walichokuwa nacho, na usiku wa kusomewa angalau alikaa katikati ya wenzake. Lakini hakuna aliyemuuliza aliona nini. Kila aliyemwambia "pole na kazi ile" alipata jibu moja: "Nishapoa."

Nimelifikiria sana neno hilo. Pole ni neno ambalo wageni wanaojifunza Kiswahili hulipenda upesi, kwa kuwa mtu humpa mwenzake pole hata kwa jambo ambalo si yeye aliyelisababisha. Tusilolisema ni kwamba pole yetu huja na jibu lake tayari. Ukipewa pole unasema "asante" au "nishapoa", mlango unafungwa kwa adabu, na kila mtu anashika njia yake. Anayejibu "sijapoa, kaa nikueleze" anaonekana hana haya. Mjomba alikuwa mtu wa adabu sana. Alifariki mwaka 2011, na hadi anaondoka alikuwa ameshapoa.

Mimi niliingia kwenye ambulensi nikiwa na miaka 24. Sikuingia kwa sababu ya mjomba, au ndivyo nilivyodhani. Nilimaliza mafunzo, nikapata kazi katika kampuni moja iliyokuwa na gari kituo cha barabara kuu, kati ya Mariakani na Voi. Anayeijua barabara hiyo anajua malori ya kontena yanavyofuatana usiku kama siafu, na matatu zinavyojaribu kuyapita.

Watu hudhani kinachomvunja mtu katika kazi hii ni damu. Damu unaizoea mapema, kwa sababu damu ina kazi yake: unabana, unafunga, unainua mguu, unatundika dripu. Mikono ikiwa na la kufanya, akili hutulia. Kinachobaki ni kile ambacho mikono haikuwa na la kukifanyia. Simu, kwa mfano. Abiria ameshakufa, yumo ndani ya mabati, na simu inalia mfukoni mwake. Kwenye kioo pameandikwa "Mama Watoto". Si kazi yetu kupokea, hiyo ni ya polisi. Kwa hiyo unamhudumia aliye hai kando yake, na simu inalia hadi inakatika, kisha inaanza tena.

Usiku mmoja wa Desemba, karibu na Taru, matatu ilikutana na lori la maembe. Sitaeleza yote. Maembe yalikuwa yametapakaa lami nzima, mengine yamepondwa na magurudumu, na harufu yake tamu ilichanganyika na ya dizeli. Tulikuwa watatu: dereva wetu, kijana mmoja aliyekuwa na miezi miwili kazini, na mimi. Tulibeba watu kwa safari mbili. Tulifanya kila tulichofundishwa, kwa utaratibu tuliofundishwa. Hata leo nikiurudia usiku ule hatua kwa hatua sioni ambacho kingefanywa vingine. Nilitegemea kwamba jambo hilo lingenipa usingizi. Halikunipa. Kutokuwa na kosa ni jambo moja, na kuwa mzima ni jambo jingine.

Wiki kama tatu baadaye nilikwenda kumsalimia mama. Ulikuwa msimu, na mezani palikuwa na sahani ya maembe yaliyokatwa, yametiwa pilipili na chumvi kama ninavyoyapenda tangu utotoni. Niliisogeza kidogo pembeni, kisha nikaisogeza tena. Nikasema nimeshiba. Mama alinitazama, akatazama sahani, akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya kuparuza magamba: "Na wewe pia?"

Nilitaka kusema nishapoa. Mama akaiondoa sahani, akaifunika, akarudi kuketi. Akasema, "Kakangu sikumuuliza miaka kumi na saba. Wewe nakuuliza leo."

Huo ndio mwanzo wa kupona kwangu, ingawa usiku ule sikusema mengi.

Baadaye nilianza kusoma. Ugonjwa huu uliingizwa mwaka 1980 katika kitabu rasmi cha utambuzi cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, baada ya miaka ya shinikizo la askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam na madaktari waliosimama nao. Kwa Kiswahili wengi huuita kiwewe, ingawa kiwewe tunachokijua mtaani ni cha papo hapo, cha mtu aliyeshtuka akapotewa na akili kwa dakika kadhaa. Hiki kingine hukaa. Katika toleo la mwaka 2013 la kitabu hicho kuna mstari niliousoma mara nne. Unataja watu wanaoweza kuumwa bila wao wenyewe kuwa wahanga, na mfano uliotolewa ni wa waokoaji wanaokusanya mabaki ya binadamu. Kazi ya mjomba ilikuwa imeandikwa humo waziwazi, miaka miwili baada ya kifo chake. Hakukuwa na jini. Kulikuwa na mtu aliyefanya kazi ambayo madaktari wanajua inaumiza, kisha akaachwa arudi nyumbani kwa miguu.

Kampuni yetu haikukaa kimya baada ya Taru. Ilituletea mshauri. Tuliketi mezani kwa chai, viti vya plastiki vimepangwa duara, tukasaini fomu ya mahudhurio, tukapewa soda. Kisha kila mmoja akatakiwa kusema ni kitu gani kibaya zaidi alichokiona. Dereva wetu alisimama akaenda kukagua matairi ambayo alikuwa ameyakagua asubuhi. Kijana yule mgeni alibaki. Usiku ule alikuwa ndani ya ambulensi na mgonjwa, kwa hiyo mengi hakuyaona. Sasa aliyapata yote kutoka midomoni mwetu, moja baada ya jingine, na nilimwona akibadilika rangi. Saa moja ikapita, picha ya pamoja ikapigwa, na hatukumwona mshauri tena.

Mtindo huo una historia. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na huduma za dharura, aliandika kuhusu njia ya kuwakusanya waokoaji mara tu baada ya tukio zito ili waseme waliyoyaona. Ilienea haraka, kwa sababu ilionekana ni ya utu na haina gharama kubwa. Mwaka 2002 mapitio ya tafiti ya Cochrane yalipima kikao cha aina hiyo cha mara moja kwa waathirika wa ajali na majanga. Hayakupata ushahidi kwamba kinazuia ugonjwa. Katika utafiti mmoja wa watu walioungua moto, waliofanyiwa kikao walikuwa na hali mbaya zaidi miezi 13 baadaye kuliko wasiofanyiwa. Watafiti walishauri kulazimisha watu kukome.

Nilipoyasoma hayo nilijua wapo watakaoyachukua kama kibali: unaona, kusema hakusaidii, mwanamume ajikaze. Si hivyo. Kilichoshindwa ni kumkamua mtu mara moja, mbele ya watu, kwa ratiba ya mwajiri. Aliyekuuliza akishaondoka na gari lake, jeraha linabaki wazi na wewe.

Dereva wetu hakuwa na mtu wa kumuuliza hata kidogo. Alianza kutafuna muguka ili asilale, kwa sababu alikotoka usingizini ndiko kulikokuwa na lori. Zamu zilipoisha aliendelea kutafuna. Alikonda. Tulimtania kidogo, kama tulivyomtania mjomba. Siku moja hakuja kazini. Alikuwa amejaribu kujitoa uhai, na aliyemkuta ni mkewe.

Hospitalini tulisema ni ajali. Sote tulisema hivyo bila kukubaliana, kwa sababu sote tuliijua sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kililifanya jaribio hilo kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kwa hiyo daktari aliyempokea alitibu mwili wa mtu aliyepata ajali, akamruhusu aende nyumbani. Ugonjwa wenyewe haukuandikwa popote. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilimpigia simu dereva wetu siku hiyo. Yu hai, anaendesha tuktuk mjini, na anamwona daktari kila mwezi. Aliniuliza kama nina uhakika kuhusu hukumu, nikasema ndiyo. Akakaa kimya, kisha akasema abiria wake anangoja.

Mimi nilipata mshauri katika kliniki moja mjini, kila Jumatano kwa wiki kumi na moja, kwa pesa zangu. Hakuniuliza kitu kibaya zaidi. Wiki mbili za mwanzo tuliongea kuhusu usingizi, kahawa, na jinsi ya kupumua king'ora cha gari jingine kinapopita. Alinieleza kwamba kumbukumbu nyingi tunazihifadhi na tarehe yake, lakini hii yangu imehifadhiwa bila tarehe, ndiyo maana inakuja kama jambo la sasa hivi. Kazi yetu ilikuwa kuitia tarehe. Nilisimulia usiku ule tangu simu ilipoingia hadi jua lilipochomoza, wiki baada ya wiki, hadi ukawa na mwisho. Kuhusu maembe alisema hatuna haraka. Wiki ya tisa nililishika moja sokoni Kongowea, nikalirudisha. Ya kumi nikalinunua, nikampelekea mama.

Sio kila mtu ana pesa za Jumatano kumi na moja. Mwendeshaji boda boda anayewahi kufika kwenye ajali kabla yetu hana. Mvuvi hana. Katika nchi zetu mwokoaji wa kwanza mara nyingi ni yeyote aliyekuwa karibu. Lakini kipo cha bei nafuu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, unaoweza kutumiwa na mtu asiye daktari, na msingi wake ni vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mtazame mtu anahitaji nini, labda ni maji, labda ni kumpigia mkewe. Akitaka kusema, sikiliza, na asipotaka usimkamue. Kisha muunganishe na mtu au mahali pa kumsaidia siku zijazo. Hicho cha tatu ndicho mjomba hakukipata. Wengi walimtazama, wachache wangemsikiliza, na hapakuwa na pa kumpeleka.

Sasa niko kituo kingine, na mimi ndiye mkubwa wa zamu. Tukirudi kutoka safari nzito tunaliosha gari pamoja, hata kama ni zamu ya mmoja. Maji yanapotiririka watu huongea au hawaongei. Simu ya mshauri imeandikwa ukutani karibu na birika. Kuna utani mmoja tulioufanya kuwa sheria: "nishapoa" hairuhusiwi kabla gari halijakauka.

Mwezi uliopita dada mmoja mpya alirudi kutoka safari yake ya kwanza ya mtoto. Nilimpa kitambaa cha kukaushia, nikamwambia pole. Alifungua kinywa, akakumbuka sheria, akakifunga. Alifuta mlango wa nyuma wote, juu hadi chini.

"Bado," akasema.

Nikavuta ndoo mbili, nikazipindua, tukaketi.