Kisu Changu na Dhamana Yake



Niwie radhi kwa kukushughulisha na habari ya kisu cha mfukoni. Ni kitu kidogo, lakini amana ya mtu mara nyingi hujulikana katika vitu vidogo.

Hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, nawafundisha watoto kuandika hati kwa kalamu ya mwanzi, kama nilivyofundishwa mimi. Kalamu hiyo haipatikani bila ya kisu kizuri. Mwanzi huchongwa mshazari, kisha ncha yake hupasuliwa kidogo ili wino ushuke. Kwa miaka mingi nilitumia kisu cha jikoni, na mwenye jiko hakupendezwa.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, afanyaye kazi Maskati, alikuja likizo akaniletea kisu cha kukunja. Kilikuwa kisu kizuri, chenye makali, na ndani ya kisanduku chake mlikuwa na stakabadhi na karatasi ya dhamana ya miaka miwili. Karatasi ilisema kwa Kiarabu kilicho wazi: dhamana ni kwa kasoro ya kiwandani, wala si kwa kisu alichokifungua mwenyewe au kukibadilisha. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka.

Ndani ya mpini wa kisu cha namna hii mna kibamba chembamba cha chuma kifanyacho kazi ya kamani. Ukifungua kisu, kibamba hujisukuma nyuma ya shina la ubapa na kuuzuia usijikunje. Hicho ndicho mlinzi wa vidole vyako. Ukitaka kukunja, wakisogeza kwa gumba. Gumba langu mimi lina baridi yabisi, na kibamba kile nilikiona kigumu. Basi nikajiambia: nitakilegeza kidogo tu.

Nikaazima bisibisi ndogo kwa fundi wa simu, nikatandika kitambaa cheupe, nikafungua skrubu tatu. Nilitoa pande mbili za mpini, nikatoa ubapa na washa zake mbili nyembamba kama ganda la kitunguu. Kisha nikashika tupa, nikakisugua kile kibamba mwishoni, pale kinapokutana na ubapa. Nikasugua tena, nikarudisha kila kitu mahali pake. Kisu kikawa chepesi, nikafurahi.

Siku ya tatu nilikuwa nikichonga mwanzi mgumu. Nilipokikaza mkono kisu kikajikunja chenyewe, kikanikata kidole cha shahada hata mfupa ukaonekana. Namshukuru Mwenyezi Mungu kuwa kilikuwa mkononi mwangu, hakikuwa mkononi mwa mtoto.

Sasa, ndugu msomaji, nisikilize nilivyosema hapo damu ikitoka. Sikusema, "Nimekiharibu." Nilisema, "Kisu hiki kibovu!" Na jioni yake nikaikumbuka ile karatasi. Nikampigia simu yule kijana, nikamwambia kuwa kisu hakishiki, na kwa kuwa karibu atakuja tena, akichukue akirudishe dukani. Akasema, "Hewala, Sheikh, nitawaambia kimeharibika chenyewe." Nami nikanyamaza. Sikutamka uongo hata neno moja, ila nilikuwa nimempakia kijana wangu uongo mzima, auvushe bahari kwa niaba yangu.

Wiki ile ile darsa letu la baada ya Magharibi lilikuwa katika mlango wa biashara wa kitabu cha Minhaj, cha Imam Nawawi aliyefariki mwaka 676 Hijria, ndio 1277 kwa hesabu ya miladi. Tulikuwa tumefika kwenye khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kukirudisha kitu alichokikuta na kasoro. Nikawaeleza wanafunzi kuwa kasoro ikiwa ilikuwapo tangu mkononi mwa muuzaji, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Lakini ikizuka aibu nyingine mkononi mwa mnunuzi, haki ya kumlazimisha muuzaji apokee huanguka. Muuzaji akiridhia mwenyewe, hiyo ni hiari yake. Kisha wanavyuoni wametoa kitu kimoja katika hukumu hiyo: ile aibu ambayo bila ya kuifanya usingeijua ile ya zamani. Na mfano waliotoa ni yai, na nazi, na tikiti. Ninyi wa pwani mwaijua nazi kuliko sisi wa mlimani: utajuaje kuwa imeoza pasi na kuivunja? Aliyeivunja akaikuta mbovu huirudisha.

Kijana mmoja akainua mkono. "Sheikh, na aliyeivunja si kwa kutaka kuijua, bali kwa kutaka kifuu chake afanyie kata?"

Nikamjibu upesi, "Huyo hana la kumlazimisha muuzaji. Kavunja kwa haja yake. Na nazi ikiwa nzima, hana hata dai."

Nilipokwisha kusema hivyo nikaona kidole changu kilichofungwa kitambaa kimelala juu ya kitabu. Kisu changu kilikuwa nazi nzima, nami niliivunja nifanye kata. Wahenga wetu walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Usiku ule nilimpigia kijana tena, nikamweleza habari ya bisibisi na tupa. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Sheikh, umeniokoa." Nikamwambia, "Nimejiokoa mimi. Wewe nilikuwa nakuangamiza." Kisu sikukirudisha.

Ndugu msomaji, tusichanganye mambo. Kitu chako ni milki yako, na kukifungua si haramu. Kukinoa na kukisafisha ni kukitunza, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha hata mchinjaji anoe kisu chake asimtese mnyama. Lakini ukikibadilisha, dhamana yake umeichukua wewe begani mwako. Neno hili dhamana limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kubeba jukumu. Mwenye kiwanda hubeba la kazi yake, nawe hubeba la tupa yako. Sharti lile lilikuwa limeandikwa, nami nililisoma, na Waislamu hufungwa na masharti yao.

Na mwenye duka naye asijione amesalimika. Wako wanaobandika tangazo kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii, maneno hayo hayamwokoi auzaye kisu huku akiijua kasoro yake akaificha. Hapa Tanzania pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka ulinzi kwa mlaji. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini limelowa, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu ule. Basi unyevu wa muuzaji na tupa ya mnunuzi ni ghushi moja.

Nawe mzazi, jichunge unapomtuma mwanao dukani kurudisha kitu. Redio iliyoangushwa, saa iliyoingia maji, simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi wa mtaani: mtoto ajua yaliyotokea nyumbani. Ukimwambia, "Usiseme," umemfundisha somo ambalo chuoni hatuna muda wa kulifuta.

Kisu changu nilikipeleka kwa mhunzi, akakipiga ribiti kisikunjike tena. Sasa hakiingii mfukoni. Hukaa mezani karibu ya wino, nami huchongea kalamu. Watoto wakiuliza mbona hakikunjiki, huwaambia: "Nilikiharibu mimi."

Wabillahi tawfiq.