Mfuko wa Kulalia Mlimani: Soma Lebo ya Ndani

Kama nyumbani kwako yuko kijana anayejiandaa kupanda Kilimanjaro, awe anakwenda kutembea au kubeba mizigo ya wageni, nakuomba usome habari hii kabla hajatoa fedha yake sokoni. Nataka kusema juu ya mfuko wa kulalia, kitu ambacho wengi wetu hatukukua nacho. Sisi tulilelewa katika blanketi, na blanketi halina maandishi. Mfuko unayo, tena ni maandishi yanayoweza kumdanganya mtu asiyeyafahamu.

Mtoto wa dada yangu alipata kazi ya upagazi, nikafuatana naye mpaka soko la Memorial pale Moshi, penye mitumba mingi. Akapenda mfuko mmoja mwembamba, wa rangi ya buluu, ulioandikwa kwa namba kubwa: digrii 15 chini ya sufuri.

“Mjomba, huu unatosha kabisa,” akasema. “Na bei yake ni nafuu.”

Nikamwambia, “Ugeuze kwanza, tusome ndani.”

Ndani palishonwa lebo ndogo yenye namba tatu. Mifuko mingi ya siku hizi hupimwa kwa kipimo cha mataifa kiitwacho ISO 23537. Namba ya kwanza imeandikwa Comfort, maana yake ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida aweza kulala ndani yake kwa raha. Ya pili ni Limit, ambayo ni kikomo cha mwanamume wa kawaida, naye amejikunja. Ya tatu ni Extreme. Hii si ya kulala hata kidogo! Ni baridi ambayo mtu aweza kuivumilia kwa muda wa saa 6 asife, lakini mwili wake uko katika hatari ya kupoa mno. Nayo ndiyo namba ambayo wauzaji wengine hupenda kuiandika kwa herufi kubwa.

Basi, katika ule mfuko wa buluu Comfort ilikuwa digrii 5 juu ya sufuri, na Limit ilikuwa sufuri yenyewe. Zile digrii 15 chini ya sufuri zilikuwa Extreme. Kijana akanyamaza.

Tukapiga hesabu pale pale. Mji wa Moshi uko mita 800 hivi juu ya bahari. Kambi ya Barafu, ambako wengi hulala kabla ya kwenda kileleni, ipo zaidi ya mita 4,600. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6. Kama usiku wa Moshi una digrii 17, basi kule Barafu twategemea digrii 6 chini ya sufuri, na upepo bado hatujauhesabu. (Jina la kambi ile halikutolewa kwa mzaha.) Nikamwambia atafute mfuko ambao Comfort yake ni digrii 5 chini ya sufuri, au baridi zaidi ya hapo.

Jambo jingine ambalo watu hawalijali ni mkeka wa sponji. Mfuko hautoi joto. Hulizuia tu joto la mwili wako kwa hewa iliyotulia ndani ya ujazo wake. Ukilala juu yake, sehemu ya chini inabanwa, hewa inatoka, na ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Hata wapimaji wanapozitafuta zile namba, ile sanamu yao yenye joto huvikwa nguo za ndani na kulazwa juu ya mkeka. Asiye na mkeka, namba zile hazimhusu. Mimi naona ni afadhali mfuko wa bei ya kati pamoja na mkeka mzuri kuliko mfuko wa fahari juu ya udongo mtupu.

Juu ya ujazo, ipo mifuko ya manyoya ya bata na ipo ya nyuzi za kiwandani. Ya manyoya ni myepesi, nayo hukunjika ikawa midogo, lakini ikilowa hushikana mabonge na joto lake hupotea. Ya nyuzi ni mizito kidogo, ila ikipata maji bado husaidia. Mgeni mwenye kubebewa achague apendavyo. Mpagazi hubeba mzigo wa wengine wa hadi kilo 20, na juu yake vitu vyake mwenyewe, akipita msituni ambako mvua haina miadi. Huyu namshauri achukue wa nyuzi.

Kwa mitumba, uinue mfuko mbele ya jua: panapopenya mwanga ujazo umehama. Uukandamize kwa mikono, kisha uuache. Usipoinuka tena, umechoka. Jaribu zipu kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu mwenye kuutumia aingie ndani yake pale pale, watu wacheke wakitaka. Ukimbana mabegani, ujazo hubanwa. Ukiwa mpana mno, ana hewa nyingi ya kupasha moto bure.

Tuliupata wa nyuzi, rangi ya matope, kwa bei karibu mara mbili ya ule wa buluu. Dada yangu aliposikia alikasirika kweli, maana fedha ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mabati. “Kaka, blanketi mbili zisingetosha?” akaniuliza. Nikamweleza habari ya zile namba tatu, nikaifikia ya mwisho, ile ya saa 6. Hakunijibu. Alikwenda chumbani, akatoa shuka kuukuu, akaikata na kuishona iwe mfuko wa ndani, kusudi ule mkubwa usishike jasho.

Kijana amekwisha kupanda nao mara tatu. Akirudi huuanika kivulini mpaka ukauke, kisha huutundika ukiwa wazi katika msumari nyuma ya mlango, maana ukikaa umefungwa miezi mingi ujazo hulala usiamke tena. Mabati bado hatujanunua.