Unakwenda kuangalia samaki Unguja? Kwanza uliza mwezi ngapi!

MPENZI msomaji, leo nakuvusha maji, nakupeleka Unguja. Na siyo Unguja ile ya kula urojo na kupiga picha kwenye milango ya Mji Mkongwe, hapana. Leo tunakwenda kuchungulia chini ya bahari.

Kuna hii starehe ya kuvaa miwani ya maji, unang'ata mrija wa kupumulia, unalala kifudifudi juu ya bahari na kuwatazama samaki wakiwa kwao. Zamani tulidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Siku hizi Wabongo nao wamo, hasa maharusi walio fungate. Na kila anayejua kwamba mimi Unguja naijua huniuliza swali moja: "Hivi pazuri zaidi ni wapi?"

Ndugu zangu, swali hilo nusura limuue shemeji yangu.

Ilikuwa hivi. Agosti 2019 dada yangu aliolewa Dar es Salaam, Jumamosi tarehe 10. Wiki iliyofuata yeye na mumewe wakapanda boti kuja Unguja kula fungate. Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, nimejishikiza kwa shangazi yetu Kikwajuni. Basi nikapewa cheo. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenyeji, tuchagulie pa kwenda kuangalia samaki." Nikavimba kichwa ile mbaya!

Ijumaa usiku tulikuwa Forodhani, tunakula mishkaki na kushushia juisi ya miwa. Mwezi umejaa juu kama sinia la shaba. Dada akausifia, shemeji akausifia, na mimi nikausifia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma.

Pale pale nikampata papasi mmoja, mdomo mtamu kama halua. Akanipa sifa za Bawe, kisiwa kilicho mbele ya mji, mpaka nikaona tunachelewa. Tukavutana bei, akashuka, akashuka tena. Nikajiona mjanja wa mjini. Nilipouliza habari za laifu jaketi akaniambia zinabana tu, mtu haoni samaki vizuri. Nami nikakubali!

Jumamosi tuliambiwa saa mbili, tukaondoka saa nne. Tumefika saa tano, maji yamekupwa, matumbawe yako karibu kabisa na uso wa bahari. Kijana wa boti akatupa nanga bila kuangalia chini, tukasikia kishindo kama mtu amevunja sahani. Mimi nikachuna goti kwenye jiwe. Shemeji akakanyaga wale wadudu weusi wenye miiba kama nungunungu, akatolewa miba huku dada anampepea. Samaki tuliowaona ni wa kuhesabu.

Tukala chakula, tukapumzika. Saa saba mchana shemeji akasema ngoja nijaribu tena. Maji sasa yalikuwa yanarudi. Shemeji yangu ni mtu wa Singida, bahari kaiona ukubwani, kuogelea kwake ni kwa kubahatisha. Akalala juu ya maji, akamwona kitatange wa manjano, akamfuata kwa macho. Alipoinua kichwa, boti ilikuwa mbali, ndogo kama kiberiti.

Akashtuka. Ukishtuka na mrija mdomoni unakunywa bahari. Dada alipiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia. Kijana mmoja wa boti alikuwa amelala, mwingine akavuta kamba ya mashine mara tatu, kimya. Nami nimesimama nimeshika nguzo ya turubai, mwenyeji mzima, sina la kufanya.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akirudi kuvua na ngalawa yake. Alimwendea taratibu, wala hakupiga kelele, akamshika kwapa na kumpandisha. Walipofika kwetu shemeji alikuwa anatetemeka, macho mekundu kama pilipili.

"Shikamoo mzee," nikasema, sauti haitoki.

"Marahaba. Nani kawaleta hapa saa hizi?" Tukanyamaza. Akaniangalia mimi. "Kijana, leo mwezi ngapi?"

"Mwezi wa nane, mzee. Tarehe kumi na saba."

"Sikuulizi mwezi wa ukutani, mwanangu. Nakuuliza mwezi wa juu. Jumatatu tumechinja, Idi Kubwa, si mwezi kumi ule? Haya, hesabu."

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Jumanne kumi na moja, Jumatano kumi na mbili, mpaka Jumamosi ikaangukia kumi na tano.

"Kumi na tano," akasema. "Bamvua hilo. Maji yanakupwa yote, yanarudi yote. Wewe umemlaza shemeji yako njiani, na mwenye njia anarudi kwake mbio."

Pesa alikataa. Alipokea chupa moja ya maji ya kunywa, akaenda zake.

Mpenzi msomaji, tangu siku ile nimerudi baharini mara nyingi, nimekaa na wavuvi na manahodha, nimeuliza mpaka wamenichoka. Nilichojifunza ni hiki: usichague kisiwa, chagua maji. Mahali pale pale panapoitwa peponi leo panaweza kuwa tanuri wiki ijayo.

Kwanza, mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua linapotokea. Kwa Unguja, tofauti ya maji kujaa na kukupwa siku hizo hukaribia mita 4, yaani zaidi ya urefu wa watu wawili. Siku hizo maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa jioni. Sasa angalia, saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo watalii wengi wanaingia majini! Ukiwa pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, utakuta bahari imekimbia huko, kina mama wako katikati wanashughulikia mwani wao.

Mwezi ukiwa nusu, tarehe saba au nane, na tena ishirini na mbili au ishirini na tatu, huja maji mafu. Hapo bahari inapanda na kushuka kidogo, mkondo hauna nguvu, na asubuhi unayakuta maji yamejaa. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chagua siku hizo. Na siku yoyote ile, ingia wakati maji yameshajaa na kutulia, siyo yakiwa mbioni.

Pili, upepo. Kusi huvuma kutoka kusini, takriban Mei mpaka Septemba. Wakati huo Kizimkazi na Ghuba ya Menai huweza kuchafuka, afadhali ujibanze upande wa kaskazini magharibi, kule Kendwa. Kaskazi huanza takriban Desemba mpaka Machi, hapo upande wa Matemwe na Mnemba ndio unaoweza kupata mawimbi, na kusini magharibi kunatulia. Masika sikushauri, mvua inatia maji tope huoni kitu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, pepo zinapobadilishana zamu, bahari mara nyingi huwa kama kioo.

Ukishajua mwezi na upepo, ndipo tuzungumze visiwa.

Kama unaanza kabisa, Changuu panatosha. Wengi wanapaita Kisiwa cha Gereza, ingawa lile gereza lililojengwa mwaka 1893 halikuwahi kutiwa wafungwa, likaja kutumika kuwatenga abiria wenye maradhi. Ni safari fupi kutoka mjini, na ukichoka maji unakwenda kuwaona kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli. Lakini nisikudanganye, matumbawe ya pale yamechakaa kwa kukanyagwa.

Mnemba ndiyo yenye jina. Iko kaskazini mashariki, mbele ya Matemwe, na tangu 2002 bahari inayoizunguka ni eneo la hifadhi, hivyo kuna ada ya kulipia. Kisiwani kwenyewe hushuki, kuna hoteli ya watu wenye nazo, ila mwamba ni wa wote. Samaki wapo kweli, na kasa pia ukibahatika. Tatizo ni msongamano. Ikifika saa nne utakuta boti zimejazana kama daladala za Kariakoo. Mwambie nahodha muondoke alfajiri, utanishukuru.

Menai, ukianzia Fumba, ni kwa wanaotaka kushinda kutwa. Ni hifadhi tangu 1997, kuna visiwa vidogo na mafungu ya mchanga yanayoibuka maji yakikupwa na kupotea yakijaa. Ukiwa na bahati unapishana na pomboo njiani.

Chumbe, kusini mwa mji, kwangu mimi ndiyo namba moja. Mwamba wake wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994. Una zaidi ya aina 200 za matumbawe na zaidi ya aina 400 za samaki. Huingii peke yako, unaongozwa na walinzi wa kisiwa, na wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Wageni wanapokelewa wachache kwa siku, kwa hiyo uwahi kuomba nafasi, na bei siyo ya kitoto. Lakini kilichonigusa ni kwamba huwapeleka watoto wa shule za Unguja bure, wakatazame wenyewe bahari yao. Mtoto anazaliwa hatua mia kutoka baharini, anakula changu kila wiki, lakini yule changu akiwa hai hajamwona!

Wenye muda na nauli wafike Misali, upande wa Chake Chake kule Pemba, au Mafia yenye hifadhi ya bahari tangu 1995. Huko nitakupeleka siku nyingine.

Tatu, na hili ndilo zito, mtazame anayekubeba. Muulize kabla hujatoa hata senti: laifu jaketi ziko ngapi? Zihesabu. Nani anabaki macho botini sisi tukiwa majini? Nanga unatupa wapi? Nahodha wa kweli hufunga kwenye boya, au hutafuta mchanga. Akitupa chuma juu ya matumbawe, ujue huyo anakata tawi alilokalia. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, na mwaka 2016 joto likarudi tena. Yaliyobaki hayahitaji nanga yako wala kisigino chako. Usisimame juu yake hata kama umechoka, geuka chali upumzike. Na kile kiti cha pweza usikitoe majini ili upige picha, unamnyima pumzi.

Sasa tumalizie ya shemeji. Miaka minne na nusu hakutaka kusikia habari ya bahari. Dada alikuwa akinitania, lakini najua moyoni kuna siku alinilaumu, na alikuwa na haki. Februari 2024 wakaja tena Unguja. Mimi sikumwalika majini, ningeanzia wapi? Jumamosi usiku tumekaa barazani kwa shangazi, mwezi uko nusu, kaskazi inapuliza taratibu. Shemeji akainua macho juu, akatulia, halafu akaniuliza:

"Shemeji, leo mwezi ngapi?"

Kesho yake asubuhi tulikuwa Chumbe. Maji yamejaa, yametulia. Shemeji kavaa jaketi lake mwenyewe alilolinunua Dar, kalikaza mpaka shingoni. Alilala juu ya maji, mkono mmoja kaushika wa mlinzi. Chini yake pono walikuwa wanatafuna mwamba, unawasikia kabisa, kama watu wanakula bisi. Alikaa vile karibu nusu saa. Mara mbili aliinua kichwa kutazama boti iko wapi. Ilikuwa pale pale.

Wahenga walisema bahari haishi zinge. Nenda, msomaji wangu, ni yako na ni yetu. Ila ukifika Forodhani usiku, ukausifia mwezi, basi usome na tarehe yake.